Chupa Sita za Nelima

Kikohozi cha paipu: kho, kho, kisha mluzi mrefu wa hewa. Hiyo ndiyo sauti ambayo Nelima haisahau. Zamani alipoisikia alikurupuka na ndoo, kwa sababu maji ya kwanza ni ya kumwaga.

Paipu yake ya plastiki ilishuka hadi mtaa wa mabanda wa Gatwekera ikiwa imelala ndani ya mtaro wa maji taka, pamoja na paipu za wauza maji wenzake. Mgao ukikatika, paipu hubaki tupu, na paipu tupu hunyonya. Kila ufa ni mdomo. Kwa hiyo maji yakirudi unamwaga ndoo tatu, nne, mpaka yang'ae, ndipo uelekeze paipu kwenye tangi. Nelima ndiye aliyewafundisha wenzake wote jambo hilo.

Miaka sita alikuwa akijitolea kupima maji na kikundi kilichoongozwa na Gathogo. Walianzia kijito cha Kawangware, wakifunua mawe kutafuta wadudu wanaoishi penye maji safi. Mwaka wa kwanza waliwapata, wachache. Siku hizi ukifunua jiwe unakuta minyoo myekundu tu, na harufu inayokufuata hadi nyumbani.

Maji ya kunywa waliyapima kwa vichupa vyenye dawa. Unajaza, unafunga, unaweka penye joto siku mbili. Maji yenye kinyesi hugeuka meusi. Lakini nyumba ya mabati kwenye baridi ya Julai ina joto gani? Nelima alivifunga tumboni kwa leso, akatembea navyo, akalala navyo.

"Mama Jeremy, utaangua lini?" Okeyo alimtania kila alipomwona amevimba hivyo.

"Ngoja tu. Vifaranga nitakuletea wewe ulee."

Okeyo alikuwa jirani yake, fundi wa kuchomelea vyuma. Ndiye aliyeunda stendi ya tangi la Nelima, na jioni akitoka kazini alipitia hapo, akakinga kikombe bombani, akanywa akiwa amesimama. "Maji ya huyu mama ni ya kupimwa," aliwaambia watu, akijipangusa mdomo.

Julai hii maji yalikatika wiki tatu. Alhamisi adhuhuri paipu ikakohoa. Foleni ya mitungi ilikuwa imefika kanisani, na Nelima akaanza kumwaga kama kawaida.

"Wee mama! Unamwagia mtaro na sisi tumekauka?"

"Maji ni ya kuuza ama ya kuosha barabara?"

Mwanamke mmoja mjamzito alikuwa ameketi juu ya mtungi wake, kichwa mikononi. Nelima akamtazama. Ndoo ya kwanza ilikuwa haijajaa alipoinua paipu na kuitia ndani ya tangi. Siku moja tu, alijiambia.

Jioni ile Okeyo alikunywa vikombe viwili. Jumamosi tumbo likaanza kumwendesha. Jumatatu walimpeleka hospitali kwa mkokoteni, macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda akifua. Nelima alirudi nyumbani akatia bomba lake kufuli, akawaambia wateja limeharibika. Jumanne Okeyo akafa. Hospitalini walisema ni kipindupindu.

Jumatano Gathogo alileta vichupa sita: vitano vya wauza maji wa mstari ule, kimoja cha mto, cha kulinganishia. Nelima akavijaza mwenyewe. Juu yavyo aliandika namba tu, ili wenye matangi wasifanyiwe fujo kabla ya majibu. Sita ilikuwa ya mto; hizo tano, ipi ni ya nani, alijua yeye peke yake. Akavifunga tumboni, akaenda matangani kwa Okeyo.

Filister, mke wa marehemu, alimwegemea kwa siku mbili. Akilia, kichwa chake kilikuwa palepale juu ya leso.

"Unaatamia hata leo?" aliuliza, akipapasa.

"Hata leo, Mama Risper."

"Vizuri. Watu wa kwao wanasema nimemlisha kitu. Mama yake hataki hata kunisalimu. Nataka kujua alikunywa nini."

Ijumaa mchana Gathogo alikuja hapo matangani. Nelima akafungua leso juu ya benchi. Vichupa vinne vilikuwa vyeupe. Viwili vilikuwa vyeusi kama masizi.

"Namba sita ni ya mto," Gathogo alisema. "Hiyo tulitarajia."

"Mto hakuna anayeunywa," Filister alisema. Akaokota kile kingine cheusi, namba tatu, bado kina joto la mwili wa Nelima. "Na hii? Hii ni ya nani?"

Gathogo alifungua daftari, akashika kalamu, akangoja. Majina ya wauza maji wengine wanne yalipita kichwani mwa Nelima, lolote lingetosha. Mama yake Okeyo alikuwa mlangoni, amegeuzia uso ukutani. Filister alikuwa amekishika kile kichupa kwa mikono miwili, kifuani.

Nelima akasogea hadi paji lake la uso likakaribia kugusa la mwenzake.

"Ni yangu," akanong'ona. "Sikumwaga."