Mama Mkwe Aliponifukuza Wodini

Nilijua mama mkwe wangu amechanganyikiwa alipokula ugali nami sahani moja. Mgeni ataona ni upendo. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, sembuse kuchovya mchuzi mmoja. Nilikuwa nimekwenda kwake Zagayu na mke wangu kusaidia kuvuna pamba. Jioni ile mama akaja akaketi kando yangu, akaniita kaka, akamega tonge. Mke wangu akaanza kulia. Majirani wakasema ni mizimu, atafutwe mganga. Nilifoka. Mizimu naiheshimu, lakini bega lake lilikuwa limegusa langu, na lilikuwa la moto.

Kesho yake tulikodi gari hadi hospitalini Bariadi. Walipopima mkojo wakakuta bakteria. Daktari, binti mpole, alisema wengi wao huishi matumboni mwetu bila ugomvi, ila wakipanda njia ya mkojo ni balaa.

"Huwasumbua sana wajawazito, wenye kisukari na wazee," alisema. "Na mzee anaweza kuchanganyikiwa kabisa. Maji alikuwa anakunywa?"

Mke wangu akainamisha kichwa. "Alikuwa hanywi. Choo kinatazamana na kibaraza, na huyu mume wangu akitoka shambani anakaa palepale. Mama anaona aibu kupita mkwe akimwona. Anabana mkojo mpaka giza liingie."

Hasira zilinipanda, sijui kwa nani. Kwa mila, kwa mke wangu aliyenyamaza, hata kwa kile kiti cha kibarazani. Heshima yangu mwenyewe ilikuwa inamuua mama wa watu!

Walimchoma sindano za dawa ambayo kipimo kilionyesha inawaweza bakteria wale. Mimi nilikaa kando ya kitanda, nikiogopa kwamba hatatujua tena. Aliendelea kuniita kaka na kuniuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Nikawa najibu kama kaka: wamekunywa.

Asubuhi moja nikamsalimu kwa kilugha chetu, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Akanitazama kidogo. Ghafla akavuta khanga, akajifunika uso, akageukia ukutani.

"Huyo mkwilima anafanya nini hapa?" alimfokea mke wangu. "Mtoe nje!"

Mkwilima, yaani mkwe: alikuwa amenijua! Nilitoka mbio, nikasimama uani nacheka huku machozi yananitoka. Sijawahi kufukuzwa nikafurahi namna ile.

Kabla hajaruhusiwa, nilirudi Zagayu nikachimba choo kipya nyuma ya nyumba. Tangu hapo sijamwona akipita, na ninashukuru.