Wiki ya Valary Bila Sauti

Kila Jumatano saa ya chakula cha mchana, wafanyakazi wa hoteli moja ya Hai Jalaba, mtaa wa mji wa Juba, hukusanyika katika stoo ya mashuka kusali. Kwa miaka minne aliyewaongoza ni Valary, Mkenya, msimamizi wa vyumba. Aliomba kwa sauti nene na kwa kirefu hadi wali ukapoa. Wala hakumwachia Mungu kazi ya kubahatisha. "Bwana, mguse dada yetu anayesahau mashuka kwenye kamba mpaka yanyeshewe." Mwanikaji mashuka alikuwa mmoja tu, Joy, aliyerudi kutoka Uganda, naye aliitikia amina kama wengine.

Baada ya Jumatano ya tatu ya kuombewa mashuka, sauti ya Valary ilikauka. Muuguzi akamkataza kusema kwa siku saba, hata kunong'ona.

Asubuhi iliyofuata alipiga magoti chumbani kwake mtaa wa New Site, akaanza kuomba moyoni. Sentensi mbili tu, maneno yakaisha. Alishangaa. Kumbe alizoea kuomba akisikilizwa, na sasa hakuwapo ila Mungu, ambaye habari za Joy alishaambiwa za kutosha. Akabaki kimya, magoti yakimuuma. Siku ya nne, katika ukimya huo, alikumbuka vizuri ile siku ya mvua. Joy hakusahau kitu. Ni yeye Valary aliyemtuma sokoni amnunulie nyanya, mashuka yakiwa kambani.

Alitamani kuwaza jambo lingine. Hakuweza. Akalia kidogo, kisha akaomba msamaha, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwa na haraka ya kufika amina.

Sauti iliporudi, alimfuata Joy kambani akamweleza yote.

"Mimi najua, Mama," Joy akasema. "Lakini wewe ulikuwa umefunga macho. Mimi sasa nakukatisha namna gani?"

Valary alicheka mpaka akakohoa. Jumatano alisema kosa lake mbele ya wote, akaomba kwa dakika mbili. Linus, dereva, aliendelea kufumba macho akidhani bado utangulizi.

Siku hizi wanaongoza kwa zamu. Zamu ya Joy ilipofika, aliomba kwa Kiarabu cha Juba. Valary hakuelewa hata nusu, akakaa akijiuliza kama ametajwa.