Mguu wa Nyuma

Nilipoolewa kutoka Kegonga kuja upande wa Homa Bay, miaka michache baada ya uhuru, nilikuja na mtoto wa mbwa kikapuni. Baba alinipa akisema mama yake alikuwa mwindaji hodari. Mimi nilimpokea kwa sababu nyingine: huko niendako, nilijua ni yeye tu atakayeelewa Kikuria changu.

Mume wangu alikuwa mvuvi Rusinga, akirudi nyumbani mwisho wa juma. Siku zilizosalia nilibaki na mama mkwe, mjane, yeye na Kijaluo chake, mimi na lugha yangu, tukikutana katikati kwa Kiswahili cha kuokota sokoni. Aliniita Nyar Kegonga, yaani binti wa Kegonga. Mama mkwe hakumpenda mbwa wangu. Ndivyo nilivyoelewa, lakini miaka ile nilielewa mambo mengi vibaya. Alipomkuta anatafuna mkeka alimrushia kuni. Mimi nilicheka mpaka machozi nikimtazama mbwa yule akifukuza kivuli cha mwewe uani, akianguka, akiinuka, akikibwekea.

Nilimlisha kwa kumega tonge langu. Tonge lenyewe lilitoka kwenye chungu cha mama mkwe, maana bibi arusi wa kule hupika jikoni kwa mama mkwe mpaka apewe mafiga yake. Lini? Mama mkwe ndiye ajuaye, naye haulizwi. Walioolewa baada yangu walikuwa wameshapewa. Mimi nilipuliza moto wa mwenzangu na kujiuliza nimekosa nini.

Mbwa akawa kijana. Shemeji, mdogo wa mume wangu, akaanza kwenda naye kuwinda bonde la Lambwe. Alipoiona tu kengele ya kuvishwa shingoni mkononi mwa shemeji, mbwa aliruka mwili mzima, akazunguka boma kama aliyepandwa na pepo. Nami nilisimama langoni nikiisikiliza kengele ile mpaka ipotelee vichakani, furaha imenijaa utadhani ni mimi niendaye.

Siku alipoangusha paa wake wa kwanza, niliuona mlango wangu ukifunguka. Desturi ya pale ilikuwa hivi: mguu wa nyuma huenda nyumba anakokula mbwa, nao hupikwa kwa moto wa nyumba hiyo hiyo. Nikapiga hesabu upesi. Mbwa namlisha mimi, basi mguu ni wangu, na mguu ukiwa wangu sharti nipewe moto.

Shemeji akasimama uani na nyama begani. "Mama, hii mbwa inakula kwa nani?"

Nikafungua kinywa.

"Inakula kwangu," akasema mama mkwe.

Na mbwa, msaliti yule, akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango wake, akaanza kulamba kigae chenye mabaki ya ugali. Kigae chake! Sikuwa nimewahi kukiona.

Nilichanganyikiwa kabisa. Tangu lini? Na kama mama mkwe alikuwa akimlisha, kuni za kumrushia za nini? Nilimkasirikia mama mkwe, nikamkasirikia na mbwa. Mguu ule niliupika kwenye mafiga ya mama mkwe nikiwa nimenuna, nao ukawa mtamu, jambo lililonikera zaidi.

Miguu mingine ilifuata, yote kwake. Kisha mbwa akazeeka. Kengele alikuwa haisikii tena. Furaha yake ikabaki jua la asubuhi na kukunwa chini ya kidevu. Hapo ndipo mama mkwe aliponijia na mafiga matatu kwenye karai, na juu yake kile kigae.

"Nyar Kegonga, chukua jiko yako. Chukua na mbwa yako."

Sikujua nicheke au nilie. Moto napewa leo, mbwa hana hata jino? Nililia, nikauwasha, nikalia tena nikisingizia moshi.

Haukupita muda, yule mbwa mzee akaingia bomani na kitu mdomoni: kitoto cha sungura, sijui alikipataje. Alisimama katikati ya uani, akatazama mlango wa mama mkwe, akatazama wangu. Mwishowe akauendea ule wa kwanza. Mama mkwe akamsukuma taratibu kwa mguu.

"Si hapa. Enda kwenu."

Uvumilivu ukanishinda. Nikauliza kisichoulizwa: "Mama, kwa nini ulisema inakula kwako?"

"Si wewe ulikuwa unakula kwangu? Nikikupatia jiko, nyinyi wawili mnahama." Akamkuna mbwa chini ya kidevu. "Kula peke yangu mimi siwezi."

Miaka yote ile, sikujua kama nilikuwa nimenyimwa au nimependwa, na mpaka leo sina hakika. Nilikichuna kile kisungura, nikakipika kwa moto wangu. Mguu wa nyuma haukuzidi kidole. Nikaubeba mchuzi na chungu chake mpaka kwa mama mkwe, mbwa nyuma yangu.

Akaonja. Akasema nimezidisha chumvi, kisha akanivutia kigoda.