Nilimfuata mama mkwe na sports car ya umeme, chaji haikuwa tatizo

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi.

Jamaa yangu mmoja ana gereji Kizota. Alikuwa na sports car ya umeme, akataka tubadilishane na wagon yangu ya petroli. Akasema kaa nayo siku chache uijaribu, wagon akabaki nayo yeye aikague.

Humu kila siku mnabishana umeme au petroli. Nikasema ngoja nijionee.

Nikaichomeka nyumbani Nzuguni, soketi ya kawaida. Inajaa polepole kama mtoto anayelishwa uji asioutaka, lakini asubuhi ilikuwa full. Barabarani sasa! Ukikanyaga mwili unabaki nyuma, na hakuna mlio. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Siku hiyo mama mkwe alikuwa afanyiwe operesheni ya mtoto wa jicho. Jicho moja lilishakufa zamani, hili lilikuwa ndilo la mwisho. Madaktari bingwa walikuja kwa muda tu na ile ilikuwa siku yao ya kuondoka. Mke wangu alitangulia hospitali kushika foleni, mimi nikaenda kumchukua mama kijijini, mbele ya Ihumwa.

Njia nzima nilihofia chaji. AC nimezima, na jua la Dodoma mnalijua. Kumbe chaji wala haikuwa na neno. Nilipoacha lami ndipo nikaanza kutambaa, tumbo la gari linakwaruza, na mbuzi wamelala njiani hawasikii kitu kinakuja. Petroli ina faida moja ambayo humu haitajwi, kelele.

Nikafika. "Shikamoo mama." Akaitikia kwa mbali, kama kawaida yake.

Shemeji yangu Yohana, mdogo wa mke wangu, akamshika mkono kumleta kwenye gari. Mama akapapasa mlango, akapapasa siti, akaendelea kupapasa.

"Nyuma ni wapi, baba?"

"Hakuna nyuma mama, siti ni hizi mbili tu."

Akarudi hatua moja. "Basi mimi siendi."

Wakuu, mimi si mtu wa huku, nililetwa na kazi. Miaka yote mama akipanda gari langu anakaa nyuma, mke wangu mbele. Nilidhani anapenda kujinyoosha.

Yohana akanivuta pembeni. "Shemeji, mama hawezi kukaa bega kwa bega na mkwe wake. Hata kama ni kupofuka, atapofuka."

Nikabembeleza, akanigeuzia kisogo. Niliogopa kweli. Gari lingine pale hakuna, muda unayoyoma, na jicho ni hilo moja.

Bahati Yohana ni dereva wa lori la mchanga, leseni anayo. Nikamkabidhi gari la watu, nikamwelekeza dakika mbili tatu, wakaondoka kimyakimya, mwana na mama yake. Mimi nikakodi bodaboda nikawafuata, nakula vumbi huku nahesabu kila shimo analoingia. Sijawahi kusali vile.

Waliwahi.

Kesho yake bandeji ikatolewa. Nilikuwa nimesimama nje ya wodi, kwa umbali wa heshima. Mama akatoka ameshikwa na mke wangu, ambaye akamwonyesha gari lililomleta. Akaliangalia muda mrefu.

"Kumbe ni jekundu," akasema, akacheka.

Mke wangu akageuka pembeni kufuta machozi. Mimi pia, sitaficha.

Gari nimelirudisha Kizota. Umeme siusemi vibaya, nikipata lenye siti ya nyuma na lililonyanyuka kidogo nabadilisha hata leo. Ila nimejifunza, kabla ya kuuliza gari linakula nini, uliza nani atalipanda na atakaa wapi.

Wenye magari ya umeme huku mikoani, karibuni mtiririke. Wakwe zenu mnawabebaje?