Dada yangu aliezeka nyumba, wakaandika "mama wa nyumbani"

Habari zenu wakuu. Nina miaka zaidi ya themanini, kwa hivyo naandika polepole kwa hii simu. Sitaongeza chumvi. Nisilolikumbuka nitaliacha.

Jumamosi tulimzika dada yangu Wambui hapa Ruiru. Kwa programu ya mazishi walikuwa wameandika kazi yake: mama wa nyumbani.

Niliwaambia waandike fundi. Mtoto wa kaka yetu, aliyesimamia kamati ya mazishi na ambaye huniita Tata, yaani shangazi, akanijibu, "Tata, tafadhali, tusianze hayo maneno tena."

Hayo maneno ni haya.

Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni miaka ya hamsini, tulihamishwa kwa nguvu hadi kijiji kipya upande wa Thika. Nyumba zetu za zamani zilichomwa. Kila mtu ajijengee. Wanaume wengi walikuwa wamefungwa kambini, na mume wa Wambui alikuwa mmoja wao. Wambui alikuwa na mtoto mchanga. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne.

Kukandika udongo ilikuwa kazi ya wanawake, hapo hakuna shida. Kuezeka ilikuwa ya wanaume. Kwetu mwanamke hakupanda paa. Walisema akipanda, mume wake aliye mbali hatarudi.

Fundi wa kuezeka aliyebaki ni mmoja, mzee Karanja, na nyonga ilikuwa imekataa ngazi.

Niseme kitu hapa. Siku hizo fundi alikuwa wa nguo, wa baiskeli, wa saa, wa mawe. Wote wanaume. Mama aliyefinyanga vyungu vikauzwa hadi sokoni Thika aliitwa mama fulani tu.

Tulilala chini ya fito tupu. Mawingu yalikuwa yanakusanyika na mtoto alikuwa anakohoa. Asubuhi moja Wambui alimfunga mtoto mgongoni mwangu, akajikaza leso kiunoni, akapanda.

Wanawake majirani wakaja mbio.

"Wambui, shuka! Unataka kumfungia mumeo huko huko?"

"Kwani ni mimi nilimfunga?"

"Mwanamke hapandi paa!"

"Na mvua ikija niiambie ingoje mwanamume?"

Mimi pia nilimwambia ashuke. Niliogopa. Sikuwahi kumwomba msamaha kwa hilo, na sasa nimechelewa.

Alianza kufunga nyasi kutoka juu. Zote zikateleza zikamwagika chini. Watu wakacheka, na aliyecheka zaidi ni mzee Karanja.

Halafu akashindwa kuvumilia.

"Wewe! Unavalisha nyumba kofia kabla ya suruali! Anzia chini, safu ya juu ilalie ya chini!"

Alikaa kwa kigoda akimfokea mpaka jioni. Kaza kamba. Fungua hiyo. Rudia. Wale wanawake walipoanza tena, akawageukia: "Nyamazeni. Hamwoni fundi anafanya kazi?"

Mvua ilinyesha siku ya pili. Hakuna tone lililoingia.

Wiki hiyo wanawake walianza kumwita kwao, hata waliomtukana. Aliwaezekea. Maisha yake yote hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, nyasi kwanza, halafu mabati huku Ruiru.

Shemeji hakurudi. Tuliletewa habari tu, kaburi hatujui liko wapi. Na waliolala pakavu chini ya nyasi alizofunga Wambui ndio walisema ni yeye alimmaliza, kwa kupanda. Wakawaachia watoto wao hayo maneno. Yeye hakuwahi kuwajibu.

Mimi si mtu wa kuongea mbele ya watu. Lakini Jumamosi nilichukua maikrofoni.

Nikasema, "Waliomchukua shemeji walikuja na lori. Siku hiyo Wambui hakuwa juu ya paa. Alikuwa chini, anapika. Dada yangu alikuwa fundi."

Mzee mmoja aliinuka akaenda zake. Aende.

Jana nilienda kwa fundi wa rangi hapa Kiuu nikamwambia aongeze hilo neno kwa msalaba. Kamati sikuiuliza.

Nilichojifunza ni kwamba watu wanaweza kula jasho lako na bado wakunyime jina la kazi yako. Na ukinyamaza unawasaidia. Mimi niliwasaidia miaka mingi sana.

Kama kwenu kuna mwanamke wa namna hiyo, mwandikeni hapa chini, jina lake na kazi yake. Na mwenye kutaka kunikemea kwa sababu ya mila, akemee. Nasoma zote.