Mama Mkwe, Mimi na Hema Moja

Leo kazini hapa Migori wameniuliza kama nimewahi kulala hema moja na mama mkwe.

Jamani. Nilikaribia.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mke wangu Akinyi alitaka tuvuke Mlima Homa kwa miguu, tupige kambi upande wa pili. Mama yake akasema anakuja pia. Nani angemkataza?

Siku nzima tulikanyaga mawe ya volkano ya kale, makali, yaliyokula soli za viatu vyangu. Mama alitangulia. Mimi nilibaki nyuma kabisa, kwa heshima.

Jioni tukasimamisha hema. Wao wawili ndani, mimi nje.

Kisha mvua ikaja.

"Ingia, mwanangu," mama mkwe akaita.

"Hapana, mama. Niko sawa."

Sikuwa sawa. Nilizunguka hilo hema nikitetemeka. Lakini Mjaluo halali chini ya paa moja na mama mkwe wake, mnajua.

Akaona nitaugua. Akatoka na blanketi lake.

"Basi ingia wewe, mimi nakaa nje."

Nyinyi mngeingia? Mimi nilikataa. Naye akakataa kurudi.

Tukasimama wote wawili tukinyeshewa, kila mtu anatazama upande wake. Ndani, Akinyi peke yake, mkavu.

Akatoka amekasirika, akang'oa kamba zote. Hema likaanguka. Akatufunika nalo kama shuka, yeye katikati.

"Sasa hakuna nyumba hapa. Tulieni!"

Mama mkwe alicheka mpaka turubai likatikisika. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nioe, nikacheka mbele yake.