Nani Anaibeba Jinja?

Pale Igogo, mjini Mwanza, harusi ikifanyika bila Bi Mastura kusimamia masufuria, watu walikuwa wanauliza kama ile ni harusi au ni kikao cha mazishi. Hakuwa na kelele. Alikuja na kanga yake ya kazi, akaweka mwiko wake mrefu begani, akawatoa jikoni wote wasiohusika, na ikifika saa saba mchana wageni wanakula. Alipika wali wa nazi, maharage, samaki wa kukaanga na sato wa mchuzi. Kitu kimoja tu hakupika. Ukimwambia pilau, alikujibu bila kukuangalia, "Pilau tafuteni mwingine."

Wageni wa mji walidhani hajui. Wenyeji walinyamaza, maana wao walikuwepo mwaka 1951, siku ambayo washenga wa mzee Makame, muuza nguo, walikuwa wanaleta mahari ya Sada, binti pekee wa Bi Mastura. Sufuria mbili za pilau zilikuwa motoni, za kutosha watu thelathini. Kitunguu kilikuwa kimeshaiva rangi ndipo mama mtu akagundua bizari imekwisha. Akamtuma Sada dukani. Sada akaenda, akapita duka, akapita na soko, akashuka hadi bandarini, na meli ilipong'oa nanga alikuwa ndani yake pamoja na Luhaga, dereva wa lori aliyekuwa akileta pamba kutoka Misungwi na ambaye mara nyingi alikula chakula cha mchana kwa Bi Mastura. Pilau ikapikwa bila bizari. Washenga wakaila yote, wakashika ndevu, wakaaga kwa heshima kubwa kabisa, na hiyo heshima ndiyo iliyomuumiza Bi Mastura kuliko matusi.

Baadaye habari zilifika. Luhaga alikuwa ameshasilimu, walifungishwa ndoa na kadhi huko Uganda, naye amepata kazi ya kuendesha lori la saruji kwenye bwawa la umeme linalojengwa Jinja. Kwa hiyo ubaya haukuwa dini, wala kabila, wala kazi. Ubaya ulikuwa kwamba hakuna mtu aliyekuja kwa Bi Mastura akakaa juu ya mkeka wake akasema, "Tumekuja kuomba." Akasimama mbele ya majirani akaapa, "Wallahi, mguu wangu hautakanyaga nyumba ya Sada." Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wa Bi Mastura uliponza miaka sita.

Basi mwaka 1957 chama cha ngoma cha akina mama wa Igogo kikakata shauri kwenda ng'ambo. Walikuwa wanawake kumi na wanane, wamechanga pole pole misimu miwili ya pamba, na waume zao walikuwa wameruhusu siku kumi na nne, wala siku moja zaidi. Mwenyekiti wao alikuwa Mwaija, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Akawaita barazani kwake wachague miji.

Chama kilikuwa na sheria yake moja ya safari, nayo ni hii: huendi mji ambao hauna mbebaji. Mbebaji ni mwanachama mwenye ndugu katika mji ule. Yeye ndiye anayeandika barua, anayetaja idadi, anayebeba doti ya kanga ya kumtunza mwenyeji. Na mkishafika, wenzake wanakuwa wageni lakini yeye si mgeni. Yeye anaingia jikoni moja kwa moja na mwenye nyumba mpaka siku ya kuondoka. Mji usio na mtu wa kusimama na kusema "naubeba mimi" unafutwa, hata uwe na dhahabu barabarani.

"Kisumu naibeba mimi," alianza Mwaija. "Kaka yangu Abeid yuko reli. Atatuonyesha gereji wanayotengenezea vichwa vya treni."

"Kampala naibeba mimi," akasema Odeta, Mhaya aliyeolewa Igogo, ambaye dada yake alikuwa na duka huko. "Tutapanda kilima cha Kibuli tuuone msikiti, tutapita Mengo kwenye kasri la Kabaka, halafu soko la Nakasero. Mkiingia soko lile bila pesa mtalia."

Mmoja akataja Entebbe, akaone ndege zinavyotua. Nani anaibeba? Hakuna. Entebbe ikafutwa, na aliyeitaja akanuna mpaka chai ilipoletwa.

Ndipo Odeta akasema neno ambalo kila mmoja alikuwa nalo moyoni. "Na Jinja je? Hivi tumezaliwa kando ya ziwa hili, tunafua humo, tunakunywa humo, halafu tusione mlango linapotokea? Wanasema maji yanashuka pale yanakwenda mpaka Misri. Na lile bwawa, wanasema ukisimama juu yake miguu inatetemeka yenyewe."

Wakachangamka wote. Mwaija akapiga kofi moja. "Nani anaibeba Jinja?"

Wanawake kumi na saba wakatazama mkeka. Wa kumi na nane, Bi Mastura, alikuwa anatazama kikombe chake. Si kwamba walisahau. Kila mtu alijua nani ana mtoto Jinja, lakini mwenzako akishaapa mbele yako humkumbushi kiapo chake barazani. Huo si uungwana. Mama mmoja akajaribu kuokoa mambo: "Si tulale hotelini tu?" Wakacheka, wakimwazia mume wa mtu akisikia mke wake amelala hotelini ng'ambo. Mwaija akasema Jinja ingoje wiki mbili, na ikikosa mbebaji itafutwa kama Entebbe.

Bi Mastura alirudi kwake amekasirika, na hasira yake haikuwa na mwenyewe. Alichambua mchele ambao alikuwa ameshauchambua. Ukweli ni kwamba alimtamani Sada. Alimtamani kila alipopika, maana Sada ndiye aliyekuwa akionja chumvi, na tangu aondoke Bi Mastura alionja mwenyewe na hakuwa akiamini ulimi wake. Alikuwa ameshasikia kwa mabaharia kwamba ana wajukuu wawili. Miaka sita alikuwa akijiambia kwamba Sada ndiye wa kuja kwanza. Sasa ziwa zima lilikuwa linamwambia aende yeye, na alichoogopa si safari. Aliogopa watu waseme, "Si aliapa?"

Siku ya nne akaenda kwa Mwalimu Yahaya wa chuo cha Kurani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Sada."

Miaka sita hakuna aliyemwita hivyo. Mwalimu alikuwa mzee, pengine alisahau, pengine hakusahau. Bi Mastura akajikaza. "Mwalimu, mtu akila kiapo kisha akaona kiapo chenyewe ni kibaya, afanye nini?"

"Akivunje, atoe kafara."

"Kafara gani?"

"Alishe masikini kumi. Chakula kile anacholisha watu wa nyumba yake, si makombo. Asiyekuwa na uwezo wa kulisha ndiye anayefunga siku tatu. Wewe, mama, mpishi mzima, usije ukaniambia unafunga."

Akaaga. Njiani akapitia dukani, akanunua mchele, nyama, iliki, mdalasini na pilipili manga. Akafika mlangoni akarudi, akanunua na bizari.

Jumatano ile harufu ilitoka uani kwa Bi Mastura ikapanda Igogo nzima. Mwaija, ambaye ua wake ulipakana na ule, alikuwa anasuka nywele za mtu. Akanyanyua pua. Akanusa tena. Akaacha msuko katikati, akasimama.

"Hiyo ni pilau," akasema.

"Ya nani?" akauliza aliyekuwa anasukwa.

"Ya Mastura. Jinja imepata mbebaji."

Akachungulia juu ya ua. Masikini kumi walikuwa wamekaa mkekani, wawili vipofu wa sokoni, wazee, na mama mmoja na wanawe. Bi Mastura alikuwa anawapakulia kwa mkono wake, amefunga kanga kichwani, macho mekundu. Alimwona Mwaija. "Ni moshi," akasema.

"Kuni mbichi hizo," akakubali Mwaija, ambaye aliziona kuni zenyewe na zilikuwa kavu kabisa.

Kikao kilipokutana tena, swali halijaisha kuulizwa Bi Mastura akasimama. "Jinja naibeba mimi." Hakuna aliyepiga vigelegele. Mwaija akasema tu, "Haya, imeandikwa," wakaendelea na mambo ya kanga za sare, na kwa adabu ile Bi Mastura aliwapenda wenzake mpaka kufa kwake.

Barua aliiandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile alizomfundisha Sada juu ya ubao, ili mtoto autambue mkono. Alichana karatasi tatu. Ya nne ilisema: *Chama chetu kinakuja Jinja kutazama bwawa. Mji nimeubeba mimi. Mastura, mama yako.* Meli iliondoka nayo. Siku kumi na mbili zikapita, na kwa siku zote kumi na mbili alikuwa mkali kwa kila mtu, pamoja na kuku. Jibu likaja, mistari miwili: *Njooni. Nijulishe idadi, nipange masufuria.*

"Miaka sita!" akafoka Bi Mastura peke yake uani. "Miaka sita, halafu masufuria!" Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini, maana yeye mwenyewe angejibu hivyo hivyo.

Walikwenda Kisumu, wakaviona vichwa vya treni. Walikwenda Kampala, wakapanda Kibuli, na sokoni Nakasero kweli walilia. Kutoka hapo wakachukua basi hadi Jinja. Nyumba ya Sada ilikuwa ya tatu katika safu ya nyumba za wafanyakazi. Luhaga alikuwa amesimama mbali, karibu na mti wa mpera, kofia mkononi, uso ameugeuzia pembeni, maana kwao Usukuma mkwe hasimami uso kwa uso na mama mkwe, sembuse mkwe ambaye hajajitambulisha. Akasalimia kutoka kule kule, "Shikamoo, mama." Bi Mastura akaitikia marahaba kuelekea kwenye mpera. Basi Luhaga, ili asikae ndani ya nyumba moja naye, akawachukua akina mama wengine wote kwenda kuliona bwawa.

Bi Mastura akavuka kizingiti. Mguu wake uliona uzito, lakini ulikanyaga.

Sada alikuwa jikoni nyuma ya nyumba. Alikuwa amenenepa. Sufuria mbili zilikuwa motoni, kitunguu kimeshaiva rangi. Hakukimbia kumkumbatia mamaye, wala Bi Mastura hakunyoosha mikono. Sada alifuta viganja kwenye kanga, akatoa kikaratasi kilichokunjwa, akamwekea mama yake mkononi.

"Nini hii?"

"Bizari, mama. Si ulinituma."

Bi Mastura akakishika kile kikaratasi. Alitaka kugomba, na maneno alikuwa nayo ya miaka sita, yamepangwa vizuri. Badala yake alilia kwa sauti kama mtoto, na Sada akalia, na wajukuu waliokuwa wanachungulia mlangoni wakalia kwa kuwaona wakubwa wanalia. Kitunguu kikaungua kidogo. Ndipo Bi Mastura akapiga kelele, "Sufuria, Sada!" na kazi ikaanza.

"Ile ya siku ile waliila?" Sada aliuliza baadaye, akionja chumvi.

"Waliila mpaka ukoko. Bila bizari."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ongeza moto."

Jioni akina mama walirudi wamelowa manyunyu, kila mmoja anasimulia kwa wakati wake: kishindo, povu, maji yanavyoruka, jinsi Odeta alivyoshika mkono wa Mwaija akidai anateleza. Walikaa siku mbili na wakaenda bwawani mara mbili. Bi Mastura hakwenda, kwa kuwa mbebaji si mgeni. Aliondoka Jinja bila kuliona, na miaka yote iliyofuata, watu wa Igogo walipomuuliza lile bwawa likoje, alijibu, "Sijui. Nilikuwa jikoni." Hakusikika akijuta.

Tangu hapo alipika pilau tena, na harusi za Igogo zikapata nafuu.

Novemba ya 1961, nchi nzima ikishona bendera kusubiri uhuru, barua ilifika kutoka Jinja kwa herufi za chuoni. Sada alikuwa ameingia chama cha akina mama wa huko, nao walikuwa wanachagua miji ya kutembelea wakati wa sherehe. *Mwanza naibeba mimi,* aliandika. Halafu chini, kwa wino mwingine, kama mtu aliyeacha kalamu akafikiri kisha akarudi: *Baba watoto anakuja pia, na wazee wawili wa kwao Misungwi. Wanaomba mkeka. Wana neno la kusema. Wanasema wanajua wamechelewa.*

Bi Mastura aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Akatoa mkeka mpya uliokuwa umekunjwa juu ya dari, akaupiga vumbi, akautandika kuutazama kama una tundu. Haukuwa na tundu. Kisha akatafuta karatasi, akaandika jibu: *Njooni. Nijulishe idadi, nipange masufuria. Na bizari ninayo.*